FUNZA WA MABUA: ADUI ANAYEKAA NDANI YA SHINA

Somo letu la leo linahusu mdudu mdogo. Rangi yake ni ya udongo, na anaruka usiku watu wakiwa wamelala. Wengi wetu tumepata kumwona akizunguka taa, tukamfukuza kwa mkono bila kujua ni nani. Mdudu huyu ni nondo. Watoto wake ndio wanaoitwa funza wa mabua, na wanakula chakula chetu kabla hakijafika ghalani.

Wapo nondo wa namna nyingi. Viwavi wa nondo wengine hutoboa hata mashina ya miti. Leo tutazungumza juu ya wale wanaotoboa mashina ya mahindi na mtama, kwa sababu ugali wetu unatoka huko.

Kule Mwitongo, kijijini Butiama, ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na ndiko alikozikwa mwaka 1999. Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi nyumbani akalima. Mdudu huyu hachagui shamba la mkubwa wala la mdogo. Palipo na mahindi au mtama, naye yupo. Basi tumjue vizuri. Adui usiyemjua huwezi kupigana naye.

NI NONDO GANI?

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki wapo nondo kadhaa wanaozaa funza wa mabua. Wawili ndio wanaotusumbua zaidi.

Wa kwanza ni mwenyeji wa Afrika. Wataalamu humwita Busseola fusca. Mabawa yake ni ya rangi ya kahawia, yaani kama udongo mkavu au kama jani lililokauka. Akitua juu ya bua kavu huwezi kumwona kwa urahisi. Akikunjua mabawa yake yote, upana wake ni kama sentimita 3 hivi.

Wa pili ni mgeni. Jina lake ni Chilo partellus. Asili yake ni Bara la Asia. Aliingia Afrika katika karne iliyopita, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa amekwisha kuonekana Tanganyika. Rangi yake ni hafifu zaidi, kama ya nyasi kavu. Huyu hupenda zaidi sehemu za chini zenye joto. Yule wa kwanza hustahimili zaidi sehemu za juu zenye baridi. Sisi tunaokaa karibu na Ziwa Viktoria tunaweza kuwapata wote wawili.

MAISHA YAKE YANA HATUA NNE

Hatua ya kwanza ni YAI. Nondo jike hutaga usiku. Yule mwenyeji huyaficha mayai yake kati ya shina na ile sehemu ya chini ya jani inayolikumbatia shina. Huyapanga kwa mistari, mengi pamoja. Katika maisha yake mafupi jike mmoja anaweza kutaga mayai mamia. Baada ya juma moja hivi mayai huanguliwa.

Hatua ya pili ni KIWAVI. Huyu ndiye funza mwenyewe, na hatua hii ndiyo yenye hasara. Viwavi wachanga hupanda juu hadi kwenye moyo wa mmea, pale majani machanga yanapochomoza. Huko hula majani laini. Wengine hujining'iniza kwa uzi mwembamba kama wa buibui, upepo ukawapeleka kwenye mmea wa jirani. Wakikua kidogo hutoboa shina wakaingia ndani. Humo hukaa majuma kadhaa wakila nyama ya shina, mvua isiwanyeshee na ndege asiwaone.

Hatua ya tatu ni PUPA. Kiwavi akishiba na kukomaa hutengeneza kwanza tundu la kutokea. Halafu hujikunja na kugeuka kitu kigumu cha rangi ya kahawia, kisichokula wala kutembea. Hukaa hivyo kwa siku zipatazo 10 au majuma mawili.

Hatua ya nne ni NONDO. Hutoka kwa lile tundu, hupata mwenzake, hutaga, hufa. Maisha yake kama nondo ni ya siku chache tu.

Hebu sasa tufanye hesabu kidogo. Hii ni hesabu ya mfano. Tuseme jike mmoja ametaga mayai 300. Tuseme tena kwamba katika kila viwavi 10, wafe 9 kwa mvua, kwa sisimizi na kwa njaa. Watabaki 30. Nusu yao, yaani 15, ni majike. Kila mmoja akitaga 300, tunapata mayai 4,500. Wafe tena 9 katika kila 10, watabaki 450. Kumbuka tulianza na nondo mmoja, na msimu mmoja unatosha kwa vizazi viwili. Ndiyo maana bua moja lililosahauliwa shambani si jambo dogo.

DALILI ZA KUTAZAMA SHAMBANI

Mmea wenye funza hautapiga kelele. Lazima tuutazame.

1. Majani machanga yana matundu madogo yaliyojipanga kwa mstari. Hii ni kwa sababu kiwavi alitoboa jani likiwa bado limejikunja. Likikunjuka, tundu moja linakuwa mengi.
2. Kuna unga unga kama wa mbao iliyokatwa kwa msumeno, kwenye moyo wa mmea au kwenye tundu la shina. Huo ni uchafu wa funza.
3. Jani la katikati limekauka, na ukilivuta linatoka kwa urahisi. Hapo moyo wa mmea umekufa. Mmea wa mahindi ukifika hapo, hauzai tena.
4. Shina limevunjika kwa upepo mdogo, au mbelewele imevunjika.
5. Ukipasua shina kwa kisu unaona njia ya funza, na pengine funza mwenyewe, mweupe au wa rangi ya waridi hafifu, mwenye vidoadoa na kichwa cheusi au cha kahawia.

Jambo moja tuliseme wazi. Katika vijiji vyetu mtu akiona mahindi yake yamedumaa na ya jirani yamestawi, pengine husema shamba limetupiwa jicho, au fulani ana mkono mbaya. Maneno kama hayo yamekwisha kuvunja udugu wa watu wengi. Ndugu zetu, kabla ya kumshuku jirani, pasua shina utazame. Kisu kidogo kinaweza kuzuia ugomvi mkubwa.

TUSIMCHANGANYE NA KIWAVIJESHI VAMIZI

Siku hizi kuna adui mwingine, kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni Bara la Amerika. Alionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa amefika Tanzania. Yeye pia hukaa katika moyo wa mmea na kuacha uchafu. Mtazame usoni. Ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Tena, karibu na mwisho wa mwili wake ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za mraba. Yeye hula majani kwa fujo na kuyachana. Funza wa mabua huingia ndani ya shina. Kuwatofautisha ni muhimu, maana ukikosea adui utakosea na dawa.

HASARA NI KIASI GANI?

Shina ni kama bomba la maji. Maji na chakula cha mmea hupita humo kwenda kwenye majani na kwenye mahindi. Bomba likitobolewa, mahindi yanakuwa madogo, au hayapatikani kabisa.

Utafiti uliotolewa Kenya mwaka 2002 ulikadiria kwamba katika kila gunia 100 za mahindi ambazo nchi ingevuna, gunia zipatazo 13 zilipotea kwa ajili ya funza wa mabua. Sasa nyumba yenye watu 8, iliyotazamia kuvuna gunia 10, ikikosa gunia moja na zaidi, huo ni ugali wa siku nyingi. Aghalabu unapungua katika miezi ile ile ya njaa, kabla ya mavuno mapya.

ANALALA WAPI WAKATI WA KIANGAZI?

Mahindi yamekwisha kuvunwa. Shamba limekauka. Je, funza amekufa? La. Amelala ndani ya mabua. Yule mwenyeji wa Afrika anaweza kulala humo kwa muda wa miezi 6 au hata zaidi. Hali, hakui, anangoja tu. Mvua ya kwanza ikinyesha na mabua yakalowa, yeye huamka, hugeuka pupa, halafu nondo. Wakati huo huo sisi tunapanda. Kwa hiyo mbegu ikichipua inamkuta adui yu tayari.

Basi dawa kubwa ya kwanza ni kuyashughulikia mabua KABLA ya mvua. Wakulima wa pamba katika mikoa ya Ziwa wanajua jambo hili. Wao hutakiwa kung'oa na kuteketeza miti ya pamba baada ya mavuno ili kukata uzazi wa wadudu.

Lakini hapa pana ugumu, nasi hatutaki kuuficha. Bua si takataka. Kwa mama ni kuni. Kwa mfugaji ni malisho ya kiangazi. Kwa mwenye mji ni ua na kivuli cha vifaranga. Tena mabua yakibaki shambani huulinda udongo usichukuliwe na maji. Mtu akisema tu "choma yote", hajafikiri. Ukichoma kila kitu kila mwaka, udongo unakosa mboji na shamba linachoka. Tufanyeje basi? Tuyagawe mabua kwa kazi yake:

• Ya malisho: yakatwe mapema, yakiwa bado na majani, ng'ombe wapewe yaliyokatwakatwa. Yanayobaki yasirundikwe zizini hadi mvua.
• Ya kuni: yatumike yaishe kabla ya mvua za kupandia. Rundo la mabua nyuma ya jiko mvua inaponyesha ni nyumba ya nondo.
• Ya ua na ujenzi: kwanza yatandazwe chini juani, yasirundikwe, na yageuzwe, kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Joto la jua huua funza wengi. Huko Ethiopia wakulima wameonyeshwa njia nyingine: mara baada ya kuvuna huyapitisha mabua kwenye moto mwepesi, majani yakaungua na funza wakafa kwa joto, lakini bua likabaki zima la kujengea.
• Yanayosalia: yakatwe vipande yatiwe katika shimo la mboji, au yafukiwe chini wakati wa kulima. Yakifukiwa vizuri nondo hawezi kutoka.

KAZI NYINGINE ZA KUFANYA

Panda mapema, na pandeni pamoja. Mimea iliyochelewa hukutana na kizazi cha pili cha nondo, ambacho ni kikubwa zaidi. Kijiji kikipanda kwa nyakati mbalimbali, tunawapa nondo chakula cha muda mrefu.

Changanya mazao. Mahindi yakipandwa pamoja na kunde, maharage au mihogo, nondo hupata taabu zaidi kuyapata yote.

Ng'oa mimea ambayo moyo wake umekufa. Usiitupe kando ya shamba. Wape ng'ombe au mbuzi siku hiyo hiyo.

Palilia. Mtama mwitu na baadhi ya nyasi ndugu zake humtunza funza wakati mahindi hayapo.

SUKUMA NA VUTA

Ng'ambo ya mpaka, pale Mbita, kando ya Ziwa letu hili hili upande wa Kenya, kuna kituo cha ICIPE, shirika la utafiti wa wadudu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa huko, wakiongozwa na Dakta Zeyaur Khan, walishirikiana na wenzao wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza. Wakapata njia iitwayo sukuma-vuta. Sasa inatumiwa na wakulima wa nchi mbalimbali, Tanzania ikiwa mojawapo.

Njia yenyewe ni hii. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa mmea unaotambaa uitwao desmodiamu, wa jamii ya kunde. Harufu yake nondo haipendi, kwa hiyo humsukuma atoke shambani. Kuzunguka shamba hupandwa mistari mitatu ya majani ya tembo, ambayo wengine huyaita mabingobingo. Harufu ya majani haya nondo huipenda, kwa hiyo humvuta aende kutaga huko. Lakini kumbe ni mtego. Kiwavi akianza kutoboa majani ya tembo, hutoka utomvu unaonata, na viwavi wengi hufa.

Faida haziishii hapo. Desmodiamu huzuia pia kiduha, lile gugu lenye maua mazuri linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Huongeza rutuba ya udongo. Tena desmodiamu na majani ya tembo yote mawili ni malisho ya ng'ombe. Kwa hiyo mwenye ng'ombe wa maziwa anavuna mara tatu: nafaka, malisho na maziwa.

Ugumu wake ni kwamba mwaka wa kwanza una kazi nyingi. Desmodiamu huota polepole na hutaka kupaliliwa kwa uangalifu. Mbegu zake nazo huenda zisipatikane dukani karibu. Vikundi vinaweza kumwomba afisa ugani awasaidie kuzitafuta, halafu vikagawana vipandikizi.

DAWA ZA KUUA WADUDU

Zamani wakulima walifundishwa kutia vumbi la DDT katika moyo wa mmea. Dawa hiyo hukaa muda mrefu katika udongo na katika miili ya viumbe. Chini ya Mkataba wa Stockholm, ulioanza kutumika mwaka 2004, haitumiki tena katika kilimo. Mtu akikuuzia dawa isiyo na jina wala maandishi, mkatae. Wewe sasa unajua kusoma. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa: jina la dawa, kipimo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na siku za kungoja kabla ya kuvuna.

Dawa yoyote ina wakati wake. Lazima itiwe katika moyo wa mmea viwavi wakiwa bado wachanga. Wengine hutumia unga wa mbegu za mwarobaini uliochanganywa na udongo mkavu au unga wa mbao, wakatia kiasi cha kushikwa kwa vidole. Wazee wetu walitia majivu.

MASWALI AMBAYO HUULIZWA DARASANI

"Mwalimu, mbona nilipuliza dawa na funza hawakufa?"
Ndugu, pengine walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya shina. Humo dawa ya kupuliza haiwafikii. Umepoteza fedha na umewaua wadudu marafiki walioko nje.

"Wadudu marafiki? Wapo?"
Wapo. Kuna nyigu mdogo sana. Hutaga mayai yake ndani ya mwili wa funza, na watoto wake wakamla funza huyo. Wengine ni wenyeji wa Afrika. Mwingine alichukuliwa Asia, alikotoka yule nondo mgeni, na ICIPE wakamwachia pwani ya Kenya mwaka 1993. Sisimizi nao hula mayai na viwavi wachanga.

"Je, mahindi yaliyotobolewa na funza yana sumu?"
Funza mwenyewe hana sumu. Lakini tundu lake huingiza ukungu, na ukungu mwingine una sumu iitwayo sumukuvu. Kwa hiyo chambua. Punje zilizooza au zenye ukungu zisisagwe kwa ajili ya watu, wala wasipewe mifugo.

"Nami nikisafisha shamba langu, na jirani asisafishe?"
Hapo, mama, ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Nondo ana mabawa. Jambo hili lipelekwe kwenye mkutano wa kitongoji, watu wapange siku moja ya kushughulikia mabua, na aliye mgonjwa au mzee asaidiwe.

DAFTARI LA SHAMBA

Ndugu wanakisomo, kusoma na kuandika kusipotumiwa husahaulika. Chukueni daftari. Kuanzia juma la tatu baada ya mahindi kuota, ingia shambani mara moja kila juma. Chagua sehemu 5: pembe nne na katikati. Kila sehemu tazama mimea 20. Jumla ni mimea 100. Hesabu yenye dalili, uandike tarehe na idadi. Mfano: pembe ya kwanza 2, ya pili 1, ya tatu 4, ya nne 0, katikati 3. Jumla ni 10 katika 100. Ikifika hapo usingoje, mwite afisa ugani, naye utamwonyesha daftari lako. Mkulima mwenye hesabu mkononi hasikilizwi sawasawa na yule anayesema tu "wadudu ni wengi".

MANENO MAPYA

Bua: shina la mahindi au mtama lililokomaa au kukauka.
Kiwavi: mtoto wa nondo, kabla hajawa pupa.
Mbelewele: ua la juu la mmea wa mahindi.
Kiduha: gugu linalonyonya mizizi ya nafaka.
Mboji: majani na mabaki yaliyooza, yanayorutubisha udongo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja hatua nne za maisha ya nondo. Ni hatua ipi inayoleta hasara?
2. Kwa nini mistari ya matundu huonekana katika jani moja?
3. Utamtofautishaje funza wa mabua na kiwavijeshi vamizi?
4. Katika kitongoji chenu mabua hutumiwa kwa kazi gani? Kwa kila kazi, semeni namna ya kumwua funza bila kuwanyima watu kuni, malisho au ua.
5. Katika mimea 100, Bibi mmoja aliona 7 yenye dalili juma la kwanza na 12 juma la pili. Imeongezeka mingapi? Mshaurini la kufanya.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya kipindi kijacho, kila mmoja achukue mabua 10 yaliyobaki nyumbani kwake, ayapasue, na ahesabu funza aliowakuta. Waliokutwa waangamizwe hapo hapo, au wapewe kuku. Andikeni idadi ya kila nyumba katika karatasi moja, mkaibandike ukutani darasani. Hapo kila mtu ataona mwenyewe ni funza wangapi wanaongoja mvua pamoja nasi.